Kabla ya Kumpima Mtoto, Tupime Neno la Mzazi

 

Nianze na jambo la kila nyumba yenye mwanafunzi. Mtoto karudi na karatasi ya hesabu, kapata 12 kwa 100. Unamuuliza, "Imekuwaje?" Mmoja atakwambia, "Sikufanya mazoezi." Mwingine, "Mwalimu hanipendi." Wa tatu atainua mabega: "Bahati mbaya tu." Alama ni zile zile 12, lakini hao ni watoto watatu mbalimbali. Wa kwanza kafeli, ila kesho ana la kufanya. Wa pili kesho yake iko mikononi mwa mwalimu. Wa tatu hana hata wa kumwendea.

Basi mazungumzo yetu leo ni hayo. Mtoto huipata wapi imani kwamba analolifanya lina matokeo? Sisi tunaomlea tunaingiaje hapo? Na jambo la moyoni namna hiyo, linapimika?

Kupimwa limekwisha kupimwa, na kwa muda mrefu. Mwaka 1966 mwanasaikolojia wa Marekani, Julian Rotter, alichapisha dodoso lenye vipengele 29. Kila kipengele kina sentensi mbili, nawe unachagua ile unayoiamini zaidi: kwa mfano, kwamba mtu hufika alikofika kwa juhudi, au kwamba hufika kwa bahati. Vipengele 23 ndivyo vinavyohesabiwa. 6 vimechomekwa tu ili anayejibu asing'amue kinachotafutwa. Mwaka 1973 Stephen Nowicki na Bonnie Strickland wakatengeneza la watoto, maswali 40 ya ndiyo au hapana. Miaka hiyo hiyo mtafiti mwingine, Hanna Levenson, akaona kwamba kumgawa mtu mafungu mawili hakutoshi. Yeye akaweka matatu: mambo yangu yanategemea mimi, yanategemea wakubwa wenye nguvu, au yanategemea nasibu. Mnaona hapo wale watoto wetu watatu na karatasi zao za hesabu.

Mtu atauliza, hayo yanatusaidia nini? Mwaka huo huo wa 1966 ilitoka Marekani ripoti ya James Coleman, iliyochunguza wanafunzi zaidi ya nusu milioni. Walitazama majengo, vitabu, walimu, kila kitu cha shule. Kwa watoto weusi, imani ya mtoto kwamba ana mkono katika maisha yake ilikwenda sambamba na ufaulu wake kuliko mambo yote ya shule yakijumlishwa pamoja. Uingereza nako, katika eneo la Bristol, watafiti waliandikisha wajawazito zaidi ya 14,000 waliotarajiwa kujifungua kati ya Aprili 1991 na Desemba 1992, na wamewafuatilia wao na watoto wao hadi leo. Mama hao waliulizwa maswali ya aina hii wakiwa bado na mimba. Watoto walipokuwa wanafunzi, wale ambao mama zao walijiona wana mkono katika mambo yao walielekea kufanya vizuri zaidi katika hesabu na sayansi. Tusikimbilie kusema mama ndiye sababu. Mwenye pesa na elimu hujiona ana nguvu, na mtoto wake hula vizuri na kusoma vizuri. Lakini jambo lenyewe linatufaa kulifikiria.

Sasa, imani hiyo humwingiaje mtoto? Rotter alilieleza bila makuu: mtu hujifunza kutarajia. Ukifanya jambo likajibu, tena likajibu, unaanza kuamini kwamba mkono wako una kazi. Ukifanya na lisijibu, au likijibu leo hivi na kesho vile, unaacha kutarajia. Kuna majaribio mashuhuri ya mwaka 1967 ya Martin Seligman na Steven Maier: wanyama waliopata maumivu wasiyoweza kuyazuia walilala chini wakayavumilia hata walipofunguliwa njia ya kutoka. Kwa miaka mingi wataalamu walisema viumbe hao walijifunza kukata tamaa. Mwaka 2016 watafiti hao wawili, sasa wazee, wakarekebisha maelezo yao. Walisema kulala chini ndiko mwili unakoanzia. Kinachofunzwa ni kujua kwamba unaweza kufanya kitu. Maana yake kwa mzazi ni nzito. Mtoto ukimwacha tu, kumudu mambo yake hakumjii kama meno. Anahitaji kuonja huko kumudu mara nyingi.

Nitawapa mfano mmoja ninaoupenda. Chuo Kikuu cha Rochester, Marekani, mwaka 2013. Watoto 28, wa miaka mitatu hadi mitano. Mtafiti anamwekea mtoto penseli za rangi zilizochakaa, anamwambia, "Ukisubiri, nitakuletea mpya nzuri zaidi." Kwa nusu ya watoto anarudi nazo kweli. Kwa nusu nyingine anarudi mikono mitupu, anaomba radhi. Jambo hilo linarudiwa hivyo hivyo kwa stika. Baada ya hapo anawekewa peremende laini moja mezani, anaambiwa: ukiweza kunisubiri hadi nirudi, utapata mbili. Waliotimiziwa ahadi walisubiri wastani wa dakika 12. Waliodanganywa, dakika 3. Katika kundi la kwanza, watoto 9 kati ya 14 walivumilia hadi mwisho, dakika 15. Katika kundi la pili, mmoja tu.

Angalieni kilichotokea hapo. Watoto hao hawakutofautiana kwa tabia ya kuzaliwa wala kwa ukoo. Waligawanywa bila kuchaguliwa. Kilichowatofautisha ni mtu mzima mmoja na neno lake, kwa muda usiofika saa nzima. Aliyekula peremende yake upesi hakuwa na pupa. Alikuwa ameshaelewa yuko na mtu wa namna gani.

Haya, tulete mizani hiyo ya watafiti kisiwani kwetu Mafia, tuone kama inapima sawasawa. Mimi naona ina matege manne.

La kwanza ni dini. Mfikirie binti wa miaka kumi kule Kanga au Bweni. Dodoso linamuuliza, ukipanga jambo, litakuwa kama ulivyolipanga? Atajibu, "Mungu akipenda." Kwenye karatasi ataandikiwa kwamba ni mtoto asiyejiona na uwezo. Kumbe kajibu kwa adabu na kwa imani aliyolelewa nayo, na huku vitabu vyake amekwisha kuvipanga kwenye mkoba tangu jioni. Wazee wetu waliyasema yote mawili. Walisema jitihada haiondoi kudura. Na hao hao wakasema ajizi nyumba ya njaa. Hawakuona ugomvi wowote. Mtakumbuka Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotufikia hapa Mafia, tarehe 4. Hakuna binadamu aliyekuwa na uwezo wa kukirudisha. Lakini Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imetangaza mapema, na aliyesikia alikuwa na nafasi ya kuvuta ngalawa juu na kuondoa nyavu. Mtoto aliyemsaidia baba yake kuvuta kamba siku ile huku baba anaomba dua hakuona mgongano kati ya dua na kamba. Dodoso linalomlazimisha achague moja halimjui.

Tege la pili ni hao wakubwa wenye nguvu. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilianzishwa mwaka 1995, ya kwanza nchini, yenye kilomita za mraba 822. Mwanaanthropolojia Christine Walley aliishi kisiwani Chole miaka hiyo ya 1990, na kitabu chake cha mwaka 2004 kinaeleza kwa urefu mvutano wa wanakijiji, maofisa na wafadhili juu ya nani aamue kuhusu bahari. Sasa mvuvi wa hapa ukimuuliza kama mambo yake huamuliwa na wakubwa, akajibu ndiyo, utamwandika kuwa ni mtu aliyekata tamaa? Amekueleza hali ilivyo. Anajua mwamba upi umefungwa, wavu upi hautakiwi, na nani alitia saini. Mtoto wake akiyasikia hayo nyumbani hajaharibiwa malezi. Ataharibika akisikia hayo tu, asisikie kwamba baba alikwenda kwenye mkutano wa kijiji akainua mkono akasema lake.

La tatu, mzazi ni nani? Madodoso mengi yanauliza habari za "mama yako" na "baba yako", basi. Pat Caplan, Mwingereza aliyefika Mafia kwa utafiti mwaka 1965 akakaa katika kijiji cha kaskazini, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi mtu wa huku anavyoweza kuhesabu ukoo kwa baba na kwa mama, akawa na zaidi ya mahali pamoja pa kudai shamba na pa kuishi. Mtoto naye ni hivyo hivyo. Asubuhi yuko kwa mama, mchana kwa bibi, jioni madrasa, Ijumaa kwa shangazi, na mjomba akija na neno lake linasikilizwa. Kama bibi anamruhusu na shangazi anamkataza, dodoso la mama peke yake litakosa nusu ya habari.

La nne ni mtihani wenyewe. Mwaka 2002 Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, Watanzania wakiwemo, walichapisha utafiti wao wa watoto wa shule huko Bagamoyo, mkoa wetu huu huu wa Pwani. Watoto wa miaka 11 hadi 13 walipewa majaribio ya kufikiri: kupanga vitu kwa mafungu, kuuliza maswali hadi wagundue kitu kilichofichwa. Kisha wakafundishwa mbinu kwa muda usiozidi saa moja, wakapimwa tena. Alama zikapanda, na hizo za mara ya pili ndizo zilizoonyesha vizuri zaidi uwezo wa mtoto. Ukimpima mtoto mara moja, kwa karatasi asiyoizoea, mbele ya mgeni, umepima ugeni wake.

Basi tutupe mizani? La hasha. Tuigeuze kidogo. Badala ya kumuuliza mtoto ulimwengu unaendeshwa na nani, tutazame mahali ambapo mkono wake una kazi kweli.

Twendeni mwambani. Bamvua likifika na maji yakapwa mbali, wanawake wa visiwa vya Jibondo na Juani hushuka kutafuta pweza, na watoto nyuma yao. Mtoto mgeni wa kazi huchokoa kila tundu analoliona. Mama hasemi mengi. Anamwonyesha kwa ncha ya kijiti. Tundu lenye vijiwe vimekusanywa mlangoni na magamba ya kaa yamelala nje, hapo kuna mwenyewe. Tundu lisilo na dalili, pita. Mtoto anapita matundu, anakosa, anarudi, anainama tena, anatazama magamba kama ni mapya. Siku moja anampata mwenyewe bila kuonyeshwa, na kutoka hapo hakuna wa kumwambia kwamba pweza hupatikana kwa bahati. Yako mambo asiyoyaweza: siku ya bamvua haichagui yeye, na yapo mapito ya bure hata kwa aliye hodari. Lakini kanuni ya magamba ya kaa ni ile ile Jumatatu na Alhamisi. Maji nayo yakianza kujaa, hayamsubiri na hayamwonei. Bahari ni mwalimu mkali, ila haina siku ya kuamka vibaya.

Nyumbani je? Hapa ndipo ninapotaka tusikilizane vizuri.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 uliwahoji wanafunzi 409 wa shule ya msingi hapa Tanzania. Asilimia 95 walisema wamewahi kuadhibiwa kwa kipigo na mwalimu, na kwa wazazi kiwango kilikuwa kama hicho hicho. Wanaochapwa kwa ukali zaidi ndio walioonekana na ugomvi zaidi. Kabla yake, uchunguzi wa taifa wa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walipigwa au kuumizwa kabla ya kutimiza miaka 18. Kwa hiyo tunazungumza jambo la karibu kila nyumba.

Wengi wanaopinga fimbo husema inaumiza mwili na moyo. Ni kweli. Mimi leo naongeza lingine: fimbo yetu mara nyingi haifuati kosa, inafuata hali ya mpigaji. Mtoto kavunja glasi siku baba kauza samaki vizuri. Baba anacheka: "Aa, glasi tu hiyo." Wiki ya pili kavunja nyingine, chombo kimerudi kitupu, baba hajalipa deni la petroli. Hapo fimbo. Glasi ni ile ile, mkono ni ule ule. Mtoto huyo hajifunzi kushika glasi vizuri. Anajifunza kumsoma baba: anavyokohoa mlangoni, anavyoweka kapu chini, anavyoitika salamu. Atakuwa hodari wa nyuso za wakubwa, na uhodari huo atakwenda nao shule, kazini, hadi kwenye ndoa. Halafu siku moja mgeni akija na dodoso, akamkuta anaamini kwamba maisha yote huamuliwa na wenye nguvu, tutashangaa kayatoa wapi.

Hata serikali, kwa shule, iliona haja ya kuweka mipaka. Kanuni za viboko, zilizorekebishwa mwaka 2002, zinataka visizidi vinne, viidhinishwe na mkuu wa shule au aliyemteua, na viandikwe kitabuni pamoja na sababu yake. Tunajua zinavyovunjwa. Lakini nyumbani kitabu hakipo kabisa.

Najua kuna bibi ananisikiliza anasema, "Mwanangu wewe, mchelea mwana kulia hulia yeye." Shikamoo bibi, nami sisemi mtoto aachiwe. Mtafiti Diana Baumrind wa California, tangu miaka ya 1960, alitofautisha mzazi anayeamuru bila kueleza, mzazi anayeacha kila kitu kipite, na mzazi mwenye msimamo anayeeleza sababu na kusikiliza jibu. Huyo wa tatu si mlegevu. Kanuni yake haibadiliki, ila mtoto anaijua na anajua kwa nini ipo. Mama wa mwambani yuko kundi hilo bila kusoma kitabu cha Baumrind.

Liko jambo la pili, la kazi. Sara Harkness na Charles Super, waliokaa miaka ya 1970 katika kijiji cha Kokwet huko Kenya, waliona kwamba mama wa Kikipsigis hupima akili ya mtoto kwa mambo anayoweza kuaminiwa nayo nyumbani, si kwa maneno yake. Pwani yetu ni hivyo hivyo. Mtoto wa miaka mitano anatumwa dukani, arudi na sukari na chenji kamili. Mzuri sana. Ila kutumwa kuna mwisho wake. Mtoto anayetumwa tu kutwa, "lete hiki, peleka kile," anajifunza utii, na uamuzi unabaki kwako. Mkabidhi kitu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuku huyu wako: banda lake, mahindi yake, mayai yake, hesabu yake. Kuku akiliwa na kicheche kwa sababu mlango haukufungwa, usimpige na usimnunulie mwingine kesho yake. Na mayai yakiuzwa, tafadhali baba, pesa isiishie mfukoni mwako. Ukiichukua umemfundisha somo kubwa kwa siku moja, na si zuri.

Mtoto wa kike tumfikirie zaidi. Kazi anazo tele: maji, kuni, vyombo, mdogo wake mgongoni, ukili wa mkeka. Lakini ni ngapi kati ya hizo ambazo yeye ndiye anayeamua lini, vipi, na faida ikae wapi? Akisuka ukili wake ukaenda upande, bibi humwambia afumue aanze pale chane iliporukwa. Hapo anaona kosa lake na dawa yake. Mkeka ukiuzwa, basi, na aione pesa yake.

Sasa kipimo chenyewe. Chukua daftari la mwanao lililobaki kurasa. Kwa wiki moja jipime wewe, mwachie mtoto nafasi. Ukurasa wa kwanza, ahadi: kila ulilomwahidi, hata pipi, hata kumpeleka Kilindoni, na kama umelitimiza. Wa pili, kanuni: kila ulipomwadhibu au kumkaripia, kosa lilikuwa nini, na kosa kama hilo mara ya mwisho ulilifanyia nini. Wa tatu, kazi: ipi umemkabidhi nzima, na mara ngapi umeinyakua katikati kwa sababu anachelewa. Mlezi mwenzio, bibi au shangazi, naye awe na ukurasa wake. Mwisho wa wiki mlinganishe. Mkikuta hamfanani, mmeshapata kazi ya wiki ya pili.

Nchi yetu ina Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Desemba 2021 kwa watoto hadi miaka minane. Inazungumza lishe, afya, ulinzi, malezi yenye mwitikio na kujifunza. Ninavyoona, hilo la mwitikio ndilo tunalolipitia haraka. Lishe tunapima kwa uzito na urefu, tunaandika kwenye kadi ya kliniki. Neno la mzazi hatuliandiki popote, na ndilo mtoto anatumia kujua kama ulimwengu unajibu akiugusa. Watafiti watakaokuja Mafia na dodoso la watoto tuwakaribishe, tuwape na chai. Ila tuwaombe waanze na watu wazima wa nyumba hiyo.

Muda wetu umekwisha. Daftari anzeni leo usiku. Mtoto akiuliza mnaandika nini, mwambieni ukweli, na mwacheni asome ukurasa wa ahadi. Atakumbuka mlizozisahau.